Sura ya 5: Lita, Mizunguko na Mlima

Barabara ya kutoka Kasese kwenda Bwera haimbagui mwenye gari dogo. Sehemu kubwa ya lami yake imepita tambarare. Inafika Kikorongo, kwenye ikweta, inageukia magharibi na kuishia Mpondwe, mpakani na Kongo. Humo Vitz ya lita 1 na Premio ya lita 1.5 hufuatana bila moja kuiacha nyingine, na abiria aliyekaa nyuma hawezi kujua kilichomo chini ya boneti. Tofauti hujitokeza gari linapoiacha lami na kuelekea juu, kwenye magombolola ya milimani kama Bwesumbu, ambako njia ni ya murram, kona ni kali, na mkulima amesimama kandokando na gunia lake la kahawa akisubiri usafiri. Hapo gari moja hupanda kwa gia ya pili huku dereva akipiga soga na abiria. Jingine hulia, hutetemeka, mwishowe huzima katikati ya kilima, na watu hushuka kusukuma.

Maelezo ya jambo hili hayakosekani vijiweni. Wapo wanaosema Toyota za zamani zilikuwa za chuma kweli, za sasa ni za plastiki. Wapo wanaoapa kwamba silinda tatu hazifai mlimani. Wapo wanaoshika karatasi ya gari kutoka Japani na kuhesabu farasi, wakiamini kwamba mwenye farasi wengi ndiye mshindi popote. Sura hii inatetea kauli moja: katika injini ndogo isiyo na turbo, torki hununuliwa kwa lita, na farasi hununuliwa kwa mizunguko. Mlima huuliza torki kwanza, na huuliza farasi wale tu ambao dereva yuko tayari kuwatumia.

Namba mbili kwenye karatasi

Torki ni nguvu ya kusokota. Chukua spana yenye mkono wa mita 1, ishike nati, kisha ning'iniza mzigo wa kilo 1 mwisho wa mkono huo. Umeisokota nati kwa torki ya kilogramu-mita 1, sawa na Newton-mita 9.8. Wajapani waliandika torki kwa kilogramu-mita kwa miaka mingi, ndiyo maana kwenye karatasi nyingi za magari yao utakuta namba kama 9.6 au 14.4. Zidisha kwa 9.8 upate Newton-mita, ambazo hapa tutaziandika Nm.

Probox ya lita 1.5 ina injini iitwayo 1NZ-FE, na torki yake ya juu kabisa ni Nm 141. Ukifunga mkono wa mita 1 kwenye krankishafti yake, injini hiyo itaweza kuinua kilo 14 na kitu mwishoni mwa mkono. Huo ni uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Gari la zaidi ya tani moja linasukumwaje na kitu kinachoinua mtoto? Jibu ni gia. Gia ya kwanza ya gari dogo pamoja na difu huizidisha torki hiyo kwa mara 13 au 14 kabla haijafika kwenye tairi, na gari hulipia nyongeza hiyo kwa kwenda taratibu.

Farasi ni habari nyingine. Ni kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, kwa hiyo ndani yake mna torki na mna mwendo. Hesabu yake ni fupi: chukua torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Gawanya kilowati hizo kwa 0.7355, utapata farasi wanaoandikwa na Wajapani.

Tuipime Probox ile ile. Nm 141 hupatikana kwenye mizunguko 4,200. Zidisha, gawanya: kilowati 62, yaani farasi 84. Lakini karatasi inasema farasi 109. Hao 25 waliobaki wametoka wapi? Wametoka kwenye mizunguko 6,000. Kule juu torki imeshuka hadi Nm 127 hivi, ila injini inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na kazi inayofanyika kila dakika imeongezeka. Kwa hiyo farasi 109 wa Probox wapo kwa dereva anayeifikisha injini mizunguko 6,000 tu. Anayebadilisha gia kwenye mizunguko 2,500 hajawahi kukutana nao.

Kila lita na fungu lake

Sasa tuweke injini kadhaa bega kwa bega. Hizi zote hazina turbo, zote zina umeme wa kunyunyiza mafuta, na zote zinapatikana kwenye magari yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki:

1KR-FE ya Vitz, silinda tatu, cc 996: farasi 71, Nm 94.

2NZ-FE ya Probox ndogo, cc 1,298: farasi 87, Nm 121.

1NZ-FE ya Probox kubwa, cc 1,496: farasi 109, Nm 141.

HR15DE ya Nissan Tiida, cc 1,498: farasi 109, Nm 148.

1ZZ-FE ya Toyota Wish, cc 1,794: farasi 132, Nm 170.

Gawanya torki ya kila injini kwa lita zake. Ya kwanza inatoa Nm 94 kwa lita. Ya pili 93. Ya tatu 94. Ya nne, ya Nissan, imejitahidi hadi 99. Ya tano 95. Silinda tatu ama nne, ndogo ama kubwa, fungu la kila lita ni lile lile. Hata pikipiki za bodaboda hazitoki mbali na hapo: Bajaj Boxer ya cc 145 hutoa Nm 12 na kidogo, ambazo ni kama 84 kwa lita, na hiyo ni injini ya silinda moja yenye valvu mbili, inayopoa kwa upepo.

Usawa huu hautokani na wahandisi kuigana. Unatokana na hewa. Injini isiyo na turbo huvuta pumzi kwa nguvu zake yenyewe, na haiwezi kuvuta zaidi ya kile ambacho hewa ya nje inakubali kuingia. Lita moja ya hewa karibu na usawa wa bahari ina uzito wa takriban gramu 1.2. Petroli huungua vizuri ikichanganywa gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa, kwa hiyo lita moja ya hewa inaweza kuchoma gramu 0.08 tu za mafuta. Mafuta hayo yana joto la kilojuli tatu na nusu hivi. Injini nzuri hugeuza kama theluthi ya joto hilo kuwa kazi, na iliyobaki huondoka kwa njia ya ekzosi na rejeta. Tunabakiwa na kilojuli 1.2 kwa kila lita, kila baada ya mizunguko miwili ya krankishafti. Ukiigeuza kazi hiyo kuwa torki unapata Nm 95 kwa lita. Ndiyo namba tuliyoiona kwenye orodha.

Wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji. Ya injini hizi ni hewa, na hewa haina upendeleo kwa chapa yoyote.

Mafundi wengi husema pia kwamba injini yenye mwendo mrefu wa pistoni ndiyo yenye torki. Injini mbili za Probox zinaturuhusu kuijaribu kauli hiyo bila kubahatisha, kwa sababu ni za ukoo mmoja na upana wa silinda zao ni ule ule, milimita 75. Tofauti ni mwendo wa pistoni: ile ndogo ina milimita 73.5, kubwa ina 84.7. Torki kwa lita ni 93 na 94. Pistoni yenye mwendo mrefu iliongeza torki kwa kuwa iliongeza lita, basi. Fundi hakukosea alichokiona, alikosea sababu yake.

Farasi hutoka wapi

Ikiwa fungu la kila lita ni moja, mbona injini nyingine za ukubwa ule ule zina farasi maradufu? Miaka ya 1990 Toyota ilikuwa na injini mbili za ukoo wa A zinazojibu swali hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Moja ni 7A-FE ya cc 1,762, iliyofungwa kwenye Carina na Caldina. Carina ya wakati huo ndiyo ambayo Waganda waliibandika jina la Kibina kwa ajili ya buti lake lililotokeza nyuma. Nyingine ni 4A-GE ya valvu 20, cc 1,587, iliyofungwa kwenye Corolla za michezo za Levin na Trueno. Toleo lake la mwisho lilikuwa na farasi 165. 7A-FE ya kuokoa mafuta ilikuwa na farasi 115.

Mtazamaji wa farasi ameshaamua. Lakini geuza jicho kwenye torki: 4A-GE ina Nm 162, 7A-FE ina Nm 155. Zimekaribiana mno. Kilichoziachanisha ni namba ndogo inayoandikwa pembeni, ambayo wanunuzi wengi huiruka. 7A-FE hufikia kilele cha torki yake kwenye mizunguko 2,800. 4A-GE hukifikia kwenye 5,600, mara mbili kamili. Kwenye vilele hivyo ya kwanza inatoa farasi 62 na ya pili 129, kwa torki inayokaribia kuwa sawa.

Ili injini iweze kupumua kwenye mizunguko 5,600 na kupanda hadi 7,800, ilibidi valvu zikae wazi muda mrefu zaidi, na mabomba ya kuingiza hewa yawe mafupi na mapana. Mpangilio huo hupendeza injini ikienda mbio. Ikienda polepole, sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia hurudi ilikotoka kabla valvu haijafunga, na mkondo wa hewa kwenye bomba pana hulegea. Kwa lugha ya dereva, gari ni zito chini na tamu juu. Kwa njia ya kona za milimani, juu hakufikiki.

Honda nao walitupa jozi ya kulinganisha na Toyota. Fit ya kwanza ya lita 1.3, ile ya i-DSI yenye plagi mbili kwa kila silinda, ina farasi 86. Probox ndogo ina farasi 87. Torki ni Nm 119 kwa ya Honda na 121 kwa ya Toyota. Kwenye meza ya muuzaji magari haya ni mapacha. Ila Fit, yenye valvu mbili tu kwa kila silinda wakati mwenzake ana nne, hufikia kilele cha torki kwenye mizunguko 2,800, na Probox hukifikia kwenye 4,400. Ukipanda mlima na watu watano bila kutaka kelele, hayo si mapacha tena.

Usidhani pesa nyingi zinabadili kanuni hii. Honda S2000 ya mwaka 1999 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye farasi 250, na torki yake ilikuwa Nm 218, yaani 109 kwa lita. Ferrari 458 ya lita 4.5, ambayo bei yake ingenunua mtaa, ilifika Nm 120 kwa lita. Kutoka Vitz hadi Ferrari, fungu la lita liliongezeka kwa robo hivi. Mizunguko ndiyo iliyopaa, kutoka 6,000 hadi 9,000.

Mlima unapochukua hewa

Farasi wa kwenye karatasi walipimwa kwenye chumba, kwa kanuni za kupimia zinazochukulia hewa iliyo karibu na ile ya pwani na joto la nyuzi 25. Mombasa au Dar es Salaam namba hizo zinakaribia kuwa kweli. Kasese mjini uko mita 1,000 hivi juu ya bahari. Kutoka hapo ardhi hupanda kuifuata Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Vijiji vya kahawa viko katikati ya safari hiyo.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na lita moja ya silinda inaingiza oksijeni pungufu. Kanuni ya haraka ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Mita 1,000 zinachukua sehemu ya kumi. Mita 1,500 zinachukua asilimia 15. Vitz yenye farasi 71 kwenye karatasi ina kama 60 mlimani, na zile Nm 94 zimebaki 80. Hakuna kilichoharibika. Kompyuta ya injini huona hewa imepungua na kupunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki sawa. Ndiyo maana gari la leo halitoi moshi mweusi mlimani kama zile za kabureta, ambazo ziliendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya milimani. Lori la dizeli lenye turbo halioni sana mabadiliko haya, kwani turbo yake huikandamiza hewa nyepesi kabla ya kuiingiza.

Mlima huchukua hewa kwa njia ya pili pia, ambayo haiko kwenye karatasi yoyote: vumbi. Katika gereji moja ya Bwera, mwenye gari aliyekuja kulalamika aliulizwa swali moja tu.

"Mzee, gari inakosa nguvu tambarare au mlimani?"

"Mlimani, fundi. Tambarare inakimbia vizuri."

Fundi akafungua klipu mbili za boksi la eyakilina, yaani kichujio cha hewa, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa ndani yake, akaigonga kwenye tairi. Vumbi jekundu likamwagika kama konzi mbili hivi. Akaiinua kuelekea jua na kumpa mzee aangalie: mwanga ulipita pembeni tu, katikati ilikuwa giza. Ukitembea polepole tambarare injini haihitaji hewa nyingi, na karatasi iliyoziba nusu inatosha. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, injini inadai pumzi yote, na hapo uzibaji hujulikana. Swali lile la fundi lilikuwa nusu ya matengenezo.

Hesabu ya kilima kimoja

Tulifanyie hesabu gari moja mlimani. Lina uzito wa kilo 1,000, limebeba watu sita kama ilivyo desturi, na gunia moja la kahawa kwenye buti. Jumla tuseme kilo 1,450. Kilima kina mwinuko wa asilimia 12, yaani kila mita 100 za njia zinapanda mita 12. Uzito unalivuta gari nyuma kwa Newton 1,700 hivi, na murram inaongeza karibu 300. Jumla ni Newton 2,000. Kwenda kilomita 30 kwa saa dhidi ya kani hiyo kunahitaji kilowati 17 kwenye tairi, na kwa kuwa gia na shafti hula sehemu yake, injini yenyewe itoe karibu kilowati 20. Hao ni farasi 27.

Farasi 27 tu! Hata Vitz ina zaidi ya mara mbili ya hao. Basi kwa nini inazima?

Turudi kwenye fungu la lita. Huku juu kila lita inatoa Nm 80 injini ikiwa na afya na mguu ukiwa chini. Ili kufikisha kilowati 20, injini ya lita 1 inahitaji mizunguko 2,390. Ya lita 1.3 inahitaji 1,840. Ya lita 1.5 inahitaji 1,590. Ya lita 1.8 inahitaji 1,330. Sasa tuangalie gia zinatoa mizunguko mingapi. Tuchukue gari ambalo gia yake ya pili huenda kilomita 14 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000, na ya tatu huenda kilomita 20. Kwenye kilomita 30, gia ya pili inaizungusha injini mara 2,140 kwa dakika na ya tatu mara 1,500.

Lita 1.8 inapanda kilima hiki kwa gia ya tatu na akiba inabaki. Lita 1.5 inakosa kidogo kwa gia ya tatu, lakini kwa ya pili inapanda bila wasiwasi. Lita 1.3 inapanda kwa ya pili. Lita 1 inashindwa kwa ya pili: inahitaji mizunguko 2,390 na imepewa 2,140, kwa hiyo mwendo unapungua, mizunguko inapungua, kilowati zinapungua, na kila kinachopungua kinakipunguza kingine. Dereva akisubiri hadi gari litetemeke, amechelewa. Akiwahi kuingiza gia ya kwanza, injini inaruka hadi karibu mizunguko 4,000, inapata kilowati zote inazozihitaji na zaidi, na gari linapanda.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba watengenezaji huyajua haya, na magari ya lita 1 hupewa uzito mdogo na gia fupi ili kuyasaidia. Pengo la barabarani hivyo ni dogo kuliko la kwenye hesabu yetu. Lakini mpangilio haubadiliki. Injini ndogo haikosi uwezo wa kupanda, inakosa uwezo wa kupanda polepole na kimya. Farasi wake wako juu kwenye mizunguko, na dereva anayeogopa sauti ya injini hatawafikia. Wapo wengi wa namna hiyo, wanaoamini kwamba injini ikilia inaumia. Injini ya petroli yenye oili safi haiumizwi na mizunguko 4,000. Inaumizwa na kukanyagiwa mafuta hadi sakafuni ikiwa kwenye mizunguko 1,200, inapogonga na kutetemeka, na klachi inaumizwa na dereva anayeiteleza ili kufidia gia aliyokataa kuiingiza.

Gari la otomatiki hufanya uamuzi huu lenyewe, na si lazima lipatie. Passo ya lita 1 yenye gia nne za otomatiki hupanda gia pale njia inapolala kidogo, hugundua imekosea, hurudi, kisha hujaribu tena kona inayofuata. Dawa ni kuivuta fimbo hadi 2 au L mwanzoni mwa kilima na kuiacha hapo hadi juu. Alama hizo ziliwekwa kwa kazi hiyo hasa.

Farasi 34 walioshinda Safari

Anayeona magari ya siku hizi ni dhaifu ajikumbushe mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Beetle ya kawaida ya dukani mwaka ule wa mwisho ilikuwa na injini ya cc 1,192 na farasi 34, chini ya nusu ya Vitz. Torki yake ilikuwa Nm 82 hivi, ila kilele chake kilikuwa kwenye mizunguko 2,000 tu, mahali ambapo dereva yeyote huishi.

Linganisha kwa lita: Beetle Nm 69, Vitz Nm 94. Zaidi ya miaka 40 ya uhandisi, valvu nne badala ya mbili, kompyuta badala ya kabureta, na fungu la lita likaongezeka kwa kama theluthi. Farasi kwa lita waliongezeka kutoka 29 hadi 71. Maendeleo mengi ya injini ndogo yalikwenda kwenye mizunguko, na yule anayesema gari la babu yake lilipanda mlima bila kelele hasemi uongo. Anasahau tu kutaja kwamba lilipanda kwa mwendo wa nyati mzee, na kwamba tambarare lilipitwa na kila kitu.

Kusoma karatasi kabla ya kutoa pesa

Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya iliweka kikomo cha miaka 8. Kwa hiyo injini za miaka ya 1990 tulizozitaja zitaendelea kupungua, na mnunuzi wa leo anachagua kati ya zile za baada yake. Hizo zina mtego mmoja.

Mwaka 2014 Toyota iliifanyia mabadiliko ile injini ya lita 1, 1KR-FE, ili iokoe mafuta zaidi. Ukandamizaji ukapandishwa hadi 11.5 kwa 1, na Toyota ikatangaza kwamba injini hiyo sasa inageuza hadi asilimia 37 ya joto la mafuta kuwa kazi. Ni mafanikio makubwa kwa mfuko wa mwenye gari. Lakini kwenye karatasi, torki ikawa Nm 92, na kilele chake kikahama kutoka mizunguko 3,600 hadi 4,300. Mnunuzi wa Kampala hataliona badiliko hilo. Wa Bwesumbu ataliona siku ya kwanza, asipojua kurudisha gia.

Kwa hiyo soma kwa mpangilio huu. Anza na lita, kwa sababu ndizo zinazoamua torki, na punguza asilimia 15 ukijua unaishi milimani. Halafu tafuta mizunguko ya kilele cha torki. Kati ya injini mbili za lita sawa, ile yenye kilele kwenye 2,800 itakubeba kwa utulivu kuliko yenye kilele kwenye 4,400, hata kama farasi ni wale wale. Kisha gawanya uzito wa gari likiwa limejaa, pamoja na watu na mizigo utakayobeba kweli, kwa torki uliyoipata. Lita 1.5 katika gari jepesi kama Probox inaweza kulishinda gari zito la lita 1.8 mlimani. Farasi waangalie mwisho, ukiwa na safari za mbali kwenye lami.

Kama bajeti inatosha gari la lita 1 peke yake, nunua bila aibu, ila jaribu kabla ya kulipa. Pakia watu watano, nenda kwenye kilima utakachokipanda kila wiki, si kwenye lami ya mjini, na uanze ukiwa umesimama. Likipanda kwa gia ya kwanza na ya pili bila klachi kunuka na bila sindano ya joto kusogea, litakufaa. Lisipopanda, fungua eyakilina uikague kwanza, kisha rudia. Likishindwa tena, mrudishie muuzaji funguo zake.